Mtoto Anapotelea Njiani

Semina za afya ya akili ya watoto huisha kwa namna moja. Baada ya chai, vitumbua na mada nne zilizorushwa ukutani, mtu wa meza kuu hushika kipaza sauti na kusema tatizo letu ni uhaba wa wataalamu. Ukumbi unaitikia kwa vichwa. Azimio namba moja linaandikwa: serikali isomeshe madaktari bingwa zaidi. Watu wanasaini karatasi ya posho, wanaagana, na kila mmoja anatoka mwepesi, maana mzigo umekabidhiwa kwa madaktari ambao bado wako kidato cha pili.

Nami nilikuwa naitikia. Siku hizi siitikii.

Hesabu yenyewe siipingi. Chukua Tanzania, Kenya au Uganda: hakuna yenye hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu laki moja, na waliobobea kwa watoto ni wachache zaidi, nao wako mijini. Ninachopinga ni hukumu inayotolewa kutokana na hesabu hiyo, kwamba mtoto wa Ulanga, Tanzania, au wa Bungoma, Kenya, hatibiwi kwa sababu bingwa hayupo. Mtoto huyo hupotea mapema zaidi, tena mikononi mwa watu waliopo. Mwalimu anamwona siku tano kwa wiki. Muuguzi wa zahanati amemchanja tangu akiwa mchanga. Mhudumu wa afya wa kijiji anajua mlango wa kwao, na afisa ustawi wa jamii ana faili la familia yake. Hakuna aliyewapangia nani amshike mtoto, akishamshika amkabidhi kwa nani, na nani aulize mwezi ujao kama alifika.

Anayedhani mabingwa wakijaa mambo yatajipanga yenyewe aitazame Uingereza. Mwaka 1995 ilitolewa taarifa ya kitaalamu iliyoipa huduma ya akili ya watoto ngazi nne. Ya kwanza ni ya wale wanaokutana na mtoto kila siku: mwalimu, daktari wa mtaa, muuguzi anayetembelea majumbani. Ya pili ni mtaalamu mmoja anayefanya kazi karibu na jamii. Ya tatu ni kikosi cha mabingwa wanaokaa pamoja. Ya nne ni wodi, kwa wachache walioumia sana. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini kila ngazi ikaota geti, na kila geti likapata vigezo vyake. Kukawa na mtoto mgonjwa mno kwa ngazi ya pili na asiyeumwa vya kutosha kwa ngazi ya tatu. Mtoto huyo hakuwa na ngazi. Alikuwa na barua mbili za kukataliwa. Ilipofika 2014, wataalamu wa London wakapendekeza mpangilio mwingine unaoanza na swali la mtoto huyu anahitaji nini sasa, badala ya yeye ni wa ngazi gani.

Matunda ya mageti hayo yaliwekwa wazi na Kamishna wa Watoto wa England. Katika mwaka wa huduma 2022–23, watoto karibu 950,000 walikuwa wamepelekwa kwenye huduma za afya ya akili. Waliopata msaada walikuwa kama theluthi moja. Zaidi ya 270,000 walikuwa bado wanasubiri. Na kundi kubwa kuliko yote, karibu wanne katika kila kumi, faili zao zilifungwa kabla hawajapata msaada. Waingereza nao watakuambia wana uhaba wa wataalamu. Wanao, ila uhaba wao umeanzia juu ya idadi ambayo sisi hatutaifikia katika maisha ya msomaji yeyote wa makala haya. Sasa uhaba huo unaishia wapi? Katika semina zote nilizokaa, sijasikia mtu akitaja namba.

Turudi nyumbani, tumfuate mtoto mmoja hatua kwa hatua. Ni mtoto wa kubuni, lakini mzazi yeyote wa kijijini atamtambua.

Yuko darasa la tatu. Mwaka jana alikuwa anaongea. Mwaka huu anasinzia, anakojoa kitandani, na mara kadhaa mwalimu amemkuta amekodolea macho dirisha, akiitwa haitiki. Mwalimu ana wanafunzi zaidi ya themanini, anadhani ni jeuri. Fimbo mbili. Mama anaitwa shuleni, haji, siku hiyo ni ya gulio. Bibi anasema mtoto ana shetani la upande wa baba yake. Shehe anamsomea, mganga anamchanja. Sisemi haya kwa kejeli: katika safari nzima ninayokwenda kuieleza, hao wawili ndio pekee watakaomkalisha mama chini na kumsikiliza mpaka amalize.

Mwezi wa nne mtoto anaanguka jikoni, mkono unaingia motoni. Sasa anafika zahanati, na zahanati inatibu kidonda. Kidonda kina dawa, kina bandeji, kina tarehe ya kurudi. Kuanguka hakuna tarehe. Muuguzi akiwa mwepesi wa kuuliza atamwambia mama: “Mpeleke hospitali ya wilaya, Alhamisi kuna kliniki ya akili.” Anaandika maneno hayo kwenye kipande cha daftari. Ndiyo rufaa hiyo. Hakuna nakala inayobaki, na hakuna simu inayopigwa kule anakokwenda.

Alhamisi ni siku ya kazi. Bodaboda mpaka barabara kuu, basi mpaka wilayani, na mama akikosa basi la saa nane atalala kwa watu. Kwenye benchi la kliniki wamekaa watu wazima. Mmoja anazungumza na ukuta, mwingine ameletwa na kaka zake akiwa amefungwa mikono kwa kanga. Mama anamvuta mtoto karibu. Anaomba Mungu asitokee jirani, maana tunajua majina ya hospitali zetu yamegeuzwa kuwa nini midomoni mwa watu. Bara ukitaka kumtukana mtu unamwambia katoroka Mirembe. Nairobi watasema Mathari, Kampala watasema Butabika, na Unguja Kidongo Chekundu inatosha kumnyamazisha mtu barazani. Mama huyo amembeba mtoto wa darasa la tatu mpaka ndani ya tusi.

Anapewa vidonge vya kifafa vya mwezi mmoja. Mwezi wa pili wa dawa anarudi, na mtoto hajaanguka tangu alipozianza. Anafurahi. Dirishani anaambiwa dawa imeisha, anunue duka la nje. Mwezi wa tatu hana hela ya nauli na dawa kwa pamoja, haji. Kwenye rejista ya kliniki jina lake liko mstari wa kumi na saba wa ukurasa uliokwisha kufunuliwa. Kuuliza kwa nini hajaja si kazi ya mtu yeyote pale.

Hesabu milango aliyopita, kisha niambie ni mlango gani alikosa kufunguliwa kwa sababu bingwa hayupo. Siuoni. Kifafa cha namna hii kinatibiwa na muuguzi au tabibu aliyefundishwa vizuri na mwenye vidonge kabatini. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kuziba pengo la huduma za akili mwaka 2008, likatoa mwongozo mwaka 2010 na kuupitia upya 2016, na mwongozo wote umeandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa. Una sehemu ya kifafa na una sehemu ya watoto na vijana. Alichokosa mtoto wetu ni mtu wa kuunganisha fimbo ya darasani, kidonda cha zahanati na kiti kitupu cha mwezi wa tatu, aone kwamba ni habari moja.

Najua msomaji makini ameshanyoosha mkono: kifafa si ugonjwa wa akili. Kweli kabisa, ni ugonjwa wa ubongo. Lakini kwetu kinahudumiwa kwenye kliniki hizo hizo, na vijijini kinachowaleta watoto kliniki ya akili mara nyingi ni hicho. Mtoto mwenye sonona, au aliyeona jambo asilopaswa kuliona, anapita njia ile ile kwa tofauti moja: yeye haanguki motoni, kwa hiyo hata zahanati hafiki.

Historia yetu inayajua haya ya mtoto kukaa kwenye benchi la watu wazima. Juu ya Milima ya Usambara, Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walijenga makazi mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makazi hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo iko mpaka leo. Watoto walitangulia, watu wazima wakarithi jengo. Sitaki kulifanya tukio la zaidi ya miaka mia moja kuwa sababu ya kila kitu, ila kila nikiona mtoto kwenye benchi la Alhamisi huwa naikumbuka Lutindi.

Mfano unaonishika zaidi ni wa Mahenge, huko huko Ulanga. Daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika huko kabla tu ya Uhuru, akakuta watu wenye kifafa wametengwa kando ya familia zao. Mate yao yaliogopwa kuwa yanaambukiza, basi wakapewa vyombo vyao, wakala peke yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa mtu akianguka motoni na kuogopwa, nani atamgusa kumtoa? Kati yao walikuwamo watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali ya namna hiyo ilipata umaarufu wa kusikitisha kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Alianzisha kliniki. Wakati ule hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Ubingwa huo aliusomea baadaye, Kanada. Alichokuwa nacho Mahenge ni vidonge, daftari la majina, na uvumilivu wa kuwaeleza ndugu kwamba mate hayaambukizi. Watu wakarudi kukaa sahani moja na wenzao.

Miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu kuifanya kazi ya namna hiyo kuwa mfumo. Kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ikachaguliwa kwa majaribio ya kuishusha huduma ya akili mpaka vituo vya afya na zahanati. Tulilijua jibu, basi, kabla wengi wa wanaohudhuria semina za leo hawajazaliwa. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya tarehe hiyo haujui.

Na sasa kuna ushahidi mzito zaidi kuliko kumbukumbu za madaktari. Moshi na Bungoma, mjini na vijijini, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa kwenye utafiti. Nusu walipata msaada wa kawaida unaopatikana kwao. Nusu wakaingia kwenye vikundi vya mazungumzo vilivyoitwa Pamoja Tunaweza. Waliowaongoza walikuwa watu wa maeneo hayo hayo wasio na historia yoyote ya kazi ya afya ya akili, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Kwa wiki kumi na mbili watoto walijifunza kuipa hofu jina, kutuliza mwili, na kuisimulia habari ya kifo kidogo kidogo mpaka ikasimulika. Walezi nao walikuwa na kikundi chao. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vikundi vilipomaliza, katika maeneo matatu kati ya manne watoto wa Pamoja Tunaweza walikuwa wamepungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao. Eneo la nne halikuonyesha tofauti, na hilo nalo lisifichwe.

Mwaka uliofuata zikatoka habari za sekondari nne za Nairobi na Kiambu. Shamiri, taasisi iliyoanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn, iliwatumia vijana waliomaliza sekondari juzi tu kuongoza vikao vinne vya wanafunzi. Wanafunzi walikuwa 413, wote wenye dalili za sonona au wasiwasi. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma, na kundi la Shamiri likapata nafuu zaidi. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilitikisa kichwa. Kijana wa miaka kumi na tisa amtibu wa kumi na sita? Kisha nikajikumbuka nikiwa bwenini. Habari zangu nilikuwa nazimwaga kwa nani? Kwa kiranja wa bweni. Mkuu wa shule sidhani kama alilijua hata jina langu.

Swali lililofuata Bungoma ndilo ninalolipenda kuliko yote. Walipoona kwamba mazungumzo yale yanasaidia, watafiti na washirika wao wa pale wakaanza kuuliza nani aifanye kazi hiyo kila mwaka bila wao: mwalimu, au mhudumu wa afya wa kujitolea? Mwalimu ana watoto tayari na ana chumba, lakini ratiba yake imejaa, na mwalimu mkuu asiporidhia hakuna kikao. Mhudumu wa afya anaingia nyumbani na anamjua mlezi, lakini hana chumba, na watoto inabidi awakusanye. Semina zetu hazifiki hapa kamwe. Hapa ndipo huduma inapopangwa, kwenye ratiba, funguo za darasa na ruhusa ya mwalimu mkuu.

Kuna namba za Kenya zinazofaa kuwekwa mezani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana uliofanyika 2021 uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao. Katika kila 100, kama 44 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Waliotimiza vigezo vya ugonjwa wenyewe walikuwa kama 12. Tazama umbali kati ya namba hizo mbili. Watoto thelathini na kitu katika kila mia wana jambo linalowasumbua usingizi, masomo au urafiki, na hawahitaji bingwa hata angekuwapo. Wanahitaji mtu mzima aliyefundishwa kusikiliza na anayejua dalili zikizidi ampigie nani. Mfumo unaomsubiri bingwa unawasubirisha wote 44. Na wenye matatizo waliofika kwenye msaada wowote ule walikuwa kama mmoja katika kila tisa.

Pingamizi zito kuliko yote nililosikia lilitoka kwa mama mmoja, mwenyewe muuguzi mstaafu. “Mwanangu,” aliniambia, “hii ni huduma ya maskini. Watoto wa wakubwa wataonwa na daktari, wa kwetu wataonwa na jirani.” Sina jibu jepesi. Hatari hiyo ipo, na imeshatokea kila mahali ambapo serikali imelipenda neno la kujitolea kupita kiasi. Mtu anayesikiliza habari za vifo vya wazazi wa watoto kumi kwa wiki, bila posho na bila mtu wa kumsikiliza yeye, ataacha kazi au ataumwa. Tafiti nilizozitaja zilifaulu kwa sababu kila msikilizaji alikuwa na msimamizi, na kila msimamizi alikuwa na mtaalamu wa kumuuliza. Ukiondoa kamba hiyo unabaki na majirani wenye nia njema. Kwa hiyo mama yule amesema kweli juu ya huduma isiyosimamiwa. Lakini tukiiacha hata ile inayosimamiwa, tunachompa mtoto wa maskini leo si daktari. Ni kile kipande cha daftari.

Upande wa pili wako wazee wa baraza wanaosema haya yote ni mambo ya kizungu, kwamba zamani mtoto alilelewa na kijiji na hakukuwa na sonona. Wazo hili ni tamu, nami huwa linanivuta. Shida ni kwamba kijiji hicho hicho kimehojiwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, uliwauliza vijana yaliyowapata kabla ya miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono, na mvulana mmoja katika kila saba. Waliopigwa, kwa jumla, walikuwa kama robo tatu. Waliofanya hayo hawakutoka mwezini. Ukisema jamii imhudumie mtoto, lazima kwanza useme nani katika jamii, na mtoto akimwogopa huyo aende wapi.

Shuleni jambo hili linakuwa chungu zaidi. Shule zina mwalimu wa ushauri na unasihi, ukienda utaonyeshwa. Tanzania bado inaruhusu viboko shuleni, kwa masharti yake, kwa hiyo mwalimu wa unasihi Jumatatu anaweza kuwa mwalimu wa zamu Jumanne. Mtoto amweleze siri zake Jumatatu, Jumanne anyooshe kiganja kwa mkono huo huo. Hapo hata ukileta bingwa kutoka ng'ambo hatasaidia kitu. Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la kubadili mwenendo wa shule nzima, walimu, wanafunzi na uongozi kwa pamoja. Taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba upigaji wa watoto unaofanywa na wafanyakazi wa shule ulipungua kwa kiasi kikubwa pale mpango ulipotumika. Kazi ile haikuitwa huduma ya afya ya akili. Kwangu mimi ndiyo ngazi ya kwanza ya huduma hiyo, na haina daktari ndani yake.

Nani basi awaunganishe? Kwa Tanzania jambo moja linanishangaza. Mganga mkuu wa wilaya, afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wote wako chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri. Mara nyingi wako jengo moja, wanapishana kwenye ngazi. Kenya ina kazi ngumu zaidi, maana tangu ugatuzi wa 2013 afya iko kaunti huku walimu wakiajiriwa na tume ya taifa. Sisi hatuna udhuru huo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, ule tuliouita MTAKUWWA, uliunda kamati za ulinzi kuanzia kijijini. Chombo kipo. Zinapokutana, kamati hizi huzungumzia kesi za ukatili, na ni sawa. Mtoto aliyeacha kuongea bila kupigwa na mtu hana ajenda pale. Kumwongezea mstari mmoja kwenye ajenda hakuhitaji sheria mpya wala wafadhili.

Kenya nayo ina mkoba. Mwaka 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja vifaa vya kwenda navyo nyumba kwa nyumba: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, mizani. Swali la “huyu mkubwa wako analala vizuri siku hizi?” halina kifaa na halichukui nafasi kwenye mkoba. Linachotaka ni mahali pa kulipeleka jibu. Ukimfundisha mhudumu kuuliza bila kumpa namba ya kupiga, umemwongezea mzigo wa habari mbaya tu.

Na bingwa je? Kazi anayo, na nyingi. Kuna kijana anayeanza kusikia sauti. Kuna mtoto ambaye hakuna anayejua kama ni usonji, uziwi au vyote viwili. Kuna aliyejaribu kujiua, jambo ambalo nchini Kenya liliandikwa kama kosa la jinai mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hao ni wake. Lakini saa zake zilizobaki ningezitoa kwenye chumba cha kuonea wagonjwa. Siku moja kila mwezi akae wilayani na wauguzi na walimu wa unasihi, wamletee watoto waliowashinda, aondoke akiwa amewaona watoto wanne na amefundisha watu ishirini. Siku nyingine simu yake iwe wazi kwao. Tukifikiri hivi hata hesabu ya uhaba inabadilika, kwa kuwa unaacha kugawanya idadi ya watoto kwa idadi ya mabingwa. Unagawanya idadi ya wilaya.

Gharama ipo. Vidonge lazima viwepo mwezi wa pili kama vilivyokuwepo wa kwanza. Dawa za kifafa ni za bei ndogo, na kuzikosa ni uzembe wa mipango zaidi ya umaskini. Watoto wapewe siku yao, au hata nusu siku, au hata chumba cha kliniki ya mama na mtoto ambako hakuna anayeona haya kuonekana. Msikilizaji alipwe. Na mtu mmoja katika kila kituo apewe, kwa maandishi na kwa saa za kazi, jukumu la kuwatafuta waliokosa tarehe zao.

Kwenye semina ya mwisho niliyohudhuria, wakati wa chai nilisimama karibu na muuguzi wa kliniki ya akili wa wilaya moja ambayo sitaitaja. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma asubuhi nzima, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamuuliza mtoto asiporudi kliniki kwake inakuwaje. Akafungua mkoba, akatoa daftari la shule lenye jalada la jedwali la kuzidisha. Ndani kulikuwa na majina, vijiji, majina ya wazazi, namba za simu, nyingine zimekatwa na kuandikwa mpya pembeni. Alilinunua mwenyewe. Kila Ijumaa anapiga simu. “Wengine wanarudi,” alisema.

Nikamuuliza wiki hii amewapata wangapi. Akacheka kidogo, akalifunga daftari. Wiki hii hakupiga, vocha iliisha.